Washenga wa Sebuleni

Waingereza na Wamarekani wana neno fupi la kazi hii: ship. Unachukua wahusika wawili wa tamthilia, unaamua kwamba wanafaa kuwa wapenzi, kisha unaitetea hoja hiyo mpaka mwandishi akubali au wewe uchoke. Neno lilishika kasi kwa mashabiki wa The X-Files, tamthilia iliyoanza 1993, waliotaka Mulder na Scully waache kuchunguza viumbe wa angani na waanze kuchunguzana. Sisi tunaotazama tamthilia Mandewa hatuna neno hilo. Kazi yenyewe tunaifanya kila jioni, na kwa maoni yangu tunaifanya kwa kanuni za zamani zaidi, kanuni za ushenga.

Mshenga anapeleka barua ya posa, analeta majibu, anajadili mahari, na anajua habari za nyumba zote mbili ambazo pengine wachumba wenyewe hawazijui. Kazi yake haiishi siku ya harusi. Ndoa ikiyumba ataitwa, atakalishwa kwenye kigoda na kuulizwa: ulituletea mtu gani? Ndiyo maana mshenga mzuri huwa mwoga kidogo. Hapendekezi watu kwa sababu tu wakisimama pamoja wanapendeza.

Sebule ninayoisemea iko kata ya Mandewa, Manispaa ya Singida, kwa jirani yetu ambaye hajawahi kuacha kifurushi kiishe. Nikiwa likizo kutoka Dodoma, ninakosomea shahada ya uzamili, hukaa pale chini kwenye mkeka na kusikiliza kuliko ninavyotazama. Akitokea kijana mpya kwenye skrini, suti imemkaa, gari linang'aa, maswali huanza kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Ana kazi gani? Kwao wanamjua huyo dada? Mbona hajasema kama ana mtoto? Neno "wanaendana" husemwa pia, lakini huja mwisho, na mara nyingi linasemwa na wadogo.

Nimewahi kusikia darasani kwamba watazamaji wa namna hii hawajui kutenganisha hadithi na maisha. Siamini. Wanatenganisha vizuri sana. Wanachokataa ni uzuri wa waigizaji kugeuzwa hoja. Mashabiki wa ng'ambo huzungumzia "kemia", yaani ule moto unaowaka kati ya waigizaji wawili wakitazamana. Sebule ya Mandewa inauona moto huo kama mtu mwingine yeyote, halafu inauliza nani atauzima ukifika kwenye paa.

Waandishi wa tamthilia zetu wanaijua tabia hiyo, na kuna waliojenga kazi zao juu yake. Mfano ninaoupenda si wa televisheni. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa redio uliobuniwa ili kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Katikati yake walikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu. Majina yenyewe yalikuwa hukumu: tunu ni kitu cha thamani, na mkwaju, zaidi ya kuwa mti, ni fimbo. Hapa msikilizaji alipewa kapo ili aombe ivunjike. Kila safari ya Mkwaju ilimsogeza msikilizaji karibu na siku ya kusema, "Tunu, ondoka." Na Tunu aliondoka.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Mshenga wa kawaida huitwa kupatanisha. Mchezo huu ulimfundisha mshenga kwamba wakati mwingine kazi yake ni kumsaidia mwanamke kufunga mizigo. Watafiti waliopima matokeo waliuacha mkoa wa Dodoma bila matangazo hayo kuanzia 1993 hadi 1995, ili waulinganishe na mikoa iliyosikia. Kila nikipita mitaa ya Dodoma leo huwa nawafikiria watu wa miaka ile miwili, ambao sehemu nyingine za nchi zilikuwa zikibishana juu ya ndoa ya Tunu na wao hawakupewa nafasi ya kutoa neno.

Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa 2012, ilipita njia hiyohiyo kwa picha nzuri zaidi. Cheche ni mpiga picha kijana wa Bagamoyo, ana mke, Cheusi, na macho yake hayatulii nyumbani. Pembeni yuko mzee Kizito, mwenye wake na wapenzi wa kutosha kujaza daladala. Lengo la wafadhili lilikuwa wazi: mtandao wa wapenzi wengi hueneza virusi. Lakini kilichowafanya watu wakae ni kwamba tamthilia ilianza pale ambapo hadithi nyingi za mapenzi huishia. Cheche na Cheusi wameshaoana. Swali halikuwa kama watapatana. Swali lilikuwa kama Cheche anastahili kusamehewa, na mara ngapi. Nilikuwa shule ya msingi, na ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakijadili msamaha kama jambo lenye bei. Wengine walisema mara moja. Mwingine alisema hata hiyo moja ni nyingi. Hakuna mtu aliyemtaja mumewe, na hakuna mtu ambaye hakuwa akimsema mumewe.

Kanuni hizi zilikuja kutikiswa vibaya na tamthilia ya Kituruki. Muhteşem Yüzyıl ilitengenezwa Uturuki kati ya 2011 na 2014, na Azam TV ikatuletea ikizungumza Kiswahili kwa jina la Sultan. Ilihusu Suleiman, aliyetawala dola ya Uthmaniya toka 1520 hadi 1566, na Hurrem, mateka aliyeingizwa katika jumba lake kama mtumwa na akaishia kuwa mke wake wa ndoa. Sebule iligawanyika. Upande mmoja Hurrem, upande wa pili Mahidevran, mama wa mtoto mkubwa, Mustafa, aliyekuwapo kabla na akasukumwa kando.

Walio wengi walikuwa na Hurrem. Naelewa kwa nini. Ana akili, anacheka kwa sauti mahali ambapo wengine wananong'ona, na ametoka chini kabisa. Kila aliyewahi kuingia nyumba ya watu akiwa hana kitu alijiona ndani yake. Kisha jioni moja jirani mmoja, mama mtu mzima ambaye mumewe alioa mke wa pili miaka mingi iliyopita, alisema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiupeta: "Hurrem mnamshangilia kwa sababu hajaingia kwenu." Hakuna aliyemjibu. Binti mmoja alipunguza sauti ya televisheni, kana kwamba sauti ndiyo iliyomkosea mama yule.

Kwangu, huo ndio uhakiki bora wa Sultan niliowahi kuusikia, na sikuusoma popote. Unaonyesha kwamba kuwapendelea wapenzi fulani ni kuchagua pia nani alipe gharama ya mapenzi yao. Tamthilia ya kifahari huificha gharama hiyo nyuma ya vito na muziki. Suleiman na Hurrem wakitazamana, kamera inatuomba tusahau kwamba mlango wa chumba unafungwa kwa nje.

Na hapa nina ugomvi na sebule yetu yenyewe, pande zote mbili. Tuliwajadili wanawake wawili kana kwamba wote walikuja wakipenda. Kiswahili kina neno la hali ya Hurrem alipoingia jumbani: suria. Halikuazimwa ili kutafsiria Waturuki. Pwani yetu ililitumia kwa wanawake walionunuliwa na kuwekwa katika nyumba za mabwana, pamoja na majumba ya masultani wa Unguja. Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa 1844, mama yake alikuwa suria Mcherkesi, na kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka 1886 kinaeleza maisha ya nyumba zile kwa mtu aliyekulia ndani. Watoto wa masuria walikuwa huru na waliweza kurithi, na suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena. Mtu anaweza kuiita hiyo huruma ya mfumo. Lakini mshenga aliyezoea kuuliza "kwao wanamjua?" alipaswa kuliuliza swali hilo kwa nguvu zaidi hapa, kwa sababu kwao Hurrem kulichomwa moto. Hakukuwa na nyumba ya kupeleka posa. Sijamsikia mtu akilisema hilo, na tamthilia ilijitahidi tusiliseme.

Kuna jambo la kiufundi lililotokea ambalo wahakiki hawalijadili vya kutosha. Mwigizaji Meryem Uzerli, aliyekuwa Hurrem tangu mwanzo, aliondoka 2013, na Vahide Perçin akaichukua nafasi hiyo. Hurrem akawa na uso mwingine na umri mkubwa zaidi. Kwa kanuni za kemia, hapo kapo ilikufa, na wapo waliosusa kabisa. Waliobaki Mandewa walilalamika siku chache, kisha wakaendelea kumhukumu mwanamke yuleyule kwa matendo yaleyale. Mustafa aliponyongwa kwa amri ya baba yake, kama ilivyotokea kweli mwaka 1553, hakuna aliyejali tena uso upi ulikuwa wa nani. Nafikiri uthabiti huo ni faida ya ushenga: mshenga alimleta mtu, hakuleta sura.

Tamthilia zetu za sasa zina shida tofauti. Huba na Jua Kali, zinazoonyeshwa Maisha Magic Bongo, zimejengwa ziendelee msimu baada ya msimu. Ninaziheshimu. Lamata, aliyeiunda Jua Kali, anajua kuandika ugomvi wa familia mpaka usikie harufu ya jiko lao. Na ukaribu wa watazamaji na wahusika si wa mzaha: Grace Mapunda alipofariki Novemba 2024, watu wengi walimlilia kwa jina la Tesa, alilolibeba katika Huba. Lakini tamthilia isiyo na mwisho haiwezi kumpa mshenga kile anachokihitaji, ambacho ni jibu. Posa ikubaliwe au ikataliwe. Hapa wachumba huachanishwa kwa siri iliyofichuka, huunganishwa, huachanishwa tena kwa mtoto aliyejitokeza, kwa sababu ndoa iliyotulia inaaminika kuwa haiuzi kifurushi. Baada ya mzunguko wa tatu maswali ya sebule huanza kufifia. Watu huacha kuuliza kama jamaa anafaa. Wanachagua upande na kushangilia.

Ndipo mshenga anapogeuka kuwa timu, na timu ni kitu kingine kabisa. Tuliliona hilo nje ya tamthilia. Diamond Platnumz alipoachana na Wema Sepetu na baadaye kuwa na Zari Hassan, Instagram ya Tanzania iligawanyika Timu Wema na Timu Zari, na kwa miaka kadhaa watu wasiowahi kukutana nao waliendesha mapenzi ya watu hai kama vipindi vya tamthilia, wakidai sehemu inayofuata. Matusi yalikuwa chakula cha kila siku. Mshenga akikosea anajua atakalishwa kigodani na nani. Mwanatimu hana kigoda. Anaweza kumtukana mwanamke asubuhi, akafuta akaunti jioni, akafungua nyingine. Sebule ya Mandewa ina kasoro zake, lakini ukimsema vibaya mwanamke wa kwenye skrini lazima umtazame usoni mwanamke anayepeta mchele pembeni yako.

Wengine husema tamthilia ya ndoa iliyotulia haiwezekani, kwamba wakishaoana hadithi imekwisha. Ushahidi dhidi ya hoja hiyo ulishaonyeshwa TBC mwaka 2011. Doudou na Mama Wakwe Zake ilitoka China ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, ikapendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Siasa zake tuziache. Doudou ni muuguzi, mumewe Yu Wei ni mpiga picha kama Cheche wetu, na wazazi wa Yu Wei wametalikiana, hivyo bibi harusi anapata mama wakwe wawili kwa mpigo. Kapo yenyewe haipo hatarini sana. Kinachosukuma vipindi 36 ni kazi ya kuishi na watu uliowapata kwa sababu umempenda mmoja wao: nani aambiwe kwanza, nani ameonewa, nani anajifanya mgonjwa.

Jirani yetu bado anaikumbuka vizuri kuliko tamthilia alizomaliza mwaka jana. Nilipomuuliza kama alikuwa upande wa Doudou au wa Yu Wei, alinishangaa. "Mwanangu, wale walikuwa wameshaoana," alisema, kisha akaanza kunieleza ni mama mkwe yupi aliyekuwa na haki, na ilimchukua karibu saa nzima.