Malisho Yasiyo na Mwenyewe

Hoja ya Bwana Garrett Hardin, mwalimu wa elimu ya viumbe kule Marekani, imewafikia wengi wasiolijua jina lake. Mwaka 1968 aliandika katika gazeti la Science makala juu ya ongezeko la watu, na ndani yake akatia mfano wa malisho ya shirika. Kila mfugaji aongezapo ng'ombe mmoja, asema, faida ni yake peke yake, bali hasara ya majani yagawanywa kwa wote. Basi kila mmoja huongeza, hata nchi ikabaki mavumbi.

Hesabu hiyo haina kosa. Kosa limo katika watu aliowaweka humo. Wafugaji wake hawana wazee wala baraza, hata yaonekana hawasalimiani njiani. Kijiji cha namna hiyo ki wapi? Mwandishi hakukionyesha.

Kijiji cha kweli ni Törbel, katika milima ya Uswisi. Huko tangu mwaka 1517 mtu amekatazwa kupeleka malishoni ng'ombe wengi kuliko awezao kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Bibi Elinor Ostrom alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Lakini ya nini kwenda mbali hivyo? Wasukuma wana ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya malisho hufungwa ili majani yakue, nayo hufunguliwa kiangazi kikiwa kikali, ng'ombe wamekonda. Ziko ngitili za mtu na jamaa yake, ziko na za kijiji kizima, na aingizaye mifugo kabla ya wakati hutozwa. Huko Shinyanga miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kulima pamba. Tena watu walipohamishiwa vijiji vipya katika miaka ya 1970, ngitili nyingi ziliachwa. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, zilisalia hekta 600 hivi. Miaka ishirini baadaye zilipita 300,000. Angalieni basi: nchi ilizidi kuharibika sheria za wenyeji zilipovunjwa, ikapona ziliporudishwa. Bwana Hardin angalitabiri kinyume.

Hata hivyo tusimwonee. Kule Kondoa makorongo yalizidi, hata mwaka 1979 serikali ikaondoa mifugo yote katika nchi iliyomomonyoka, na majani yakaota tena. (Ng'ombe wenyewe hawakuyeyuka, wengi walikwenda kula majani ya jirani.)

Hatari ya makala hii ni kwamba mkubwa aisomaye huweza kuamua kuwa malisho ya kijiji hayana mwenyewe, na baada ya hapo kumpa mtu mwingine hati si kazi ngumu. Mwaka 1994 Bwana Hardin aliandika tena, akieleza kwamba alikusudia malisho yasiyo na utunzaji. Neno hilo lilichelewa miaka 26, na makala ya kwanza ndiyo isomwayo vyuoni hata leo.