Sura ya Jirani katika Tahariri: Kenya na Tanzania, 1977–1983

Wahakiki wetu wamezoea kuchambua riwaya, tamthilia na ushairi, na kuiacha tahariri kana kwamba si kazi ya lugha. Yafaa tujirekebishe. Riwaya husomwa na wachache. Tahariri husomwa kila siku, nayo ndiyo iwafundishayo wengi sura ya nchi wasiyopata kuikanyaga.

Tuchukue ugomvi wa Kenya na Tanzania. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Tanzania iliufunga mpaka Februari mwaka huo, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Ugomvi wenyewe ulihusu mambo ya hesabu: shirika la ndege, reli, biashara iliyoelemea upande mmoja. Lakini picha iliyobaki vichwani mwa wasomaji ilihusu tabia. Huku Tanzania, mabepari wa Kenya waliitwa manyang'au. Huku Kenya, Ujamaa, uliokuwa sera, uligeuzwa kuwa jina jingine la njaa na uvivu.

Neno nyang'au lastahili kutazamwa. Ni jina la mnyama mkali mla nyama, na mnyama hahukumiwi kwa alilotenda bali kwa alivyoumbwa. Mwandishi akishalitumia hana haja tena ya kutoa ushahidi, wala msomaji hana pa kuanzia kubisha.

Hata hivyo, matusi si hatari kubwa zaidi, kwa kuwa kila mtu huyatambua. Hatari zaidi ni sarufi ya kawaida. Tahariri ikisema "Kenya imeamua" au "Dar es Salaam yakataa", kiambishi kimoja humeza serikali, wafanyabiashara, wakulima na wapinzani wa uamuzi huohuo, wote wakawa mtu mmoja mwenye nia moja. Wamaasai wa Namanga na Wakuria, wenye jamaa pande zote mbili za mpaka, hawana nafasi katika sentensi hiyo. Mkabala wake husimama "sisi" ya mhariri, nayo humsajili msomaji bila kumwuliza.

Pengine itasemwa kwamba tahariri ni fupi, haiwezi kutaja kila mtu. Lakini kati ya "Kenya imeamua" na "Serikali ya Kenya imeamua" tofauti ni maneno mawili tu. Wala hoja ya umiliki haitoshi: Uhuru lilikuwa gazeti la chama, Taifa Leo la kampuni binafsi, ilhali sarufi hii ni mali ya wote.

Tumezoea kudai kwamba Kiswahili huunganisha. Katika miaka hiyo kilifanya pia kazi nyingine: kilivusha dharau mpakani bila mkalimani, wakati watu na bidhaa wamezuiwa. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa sahihi Arusha mwaka 1999. Mikataba hufufua mashirika, haifuti misamiati. Kazi hiyo ni ya walimu wa lugha. Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta kiima cha sentensi afundishwe pia kuuliza ni nani hasa aliyefichwa ndani yake.