Kitabu cha Mwili na Wanafunzi wa Uuguzi wa Kariakoo

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamepeleka binti au kijana Dar es Salaam kusoma kazi ya uuguzi, na karo yake wameilipa kwa magunia ya mahindi au kwa korosho. Mtoto arudipo likizo, wazee humwuliza, "Wasoma nini huko?" Naye hutaja jina la Kiingereza wasilolielewa, na mazungumzo huishia hapo. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze habari za kitabu kimoja ambacho watoto hao hawaachani nacho, tena nikipime, tujue wema wake na upungufu wake kwa msomaji wa huku kwetu.

Wanafunzi hukiita kwa majina ya watungaji wake wa kwanza, Ross na Wilson. Janet Ross na Kathleen Wilson walikuwa wanawake waliofundisha wauguzi, na kitabu chao kilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, kikapigwa chapa na nyumba ya Livingstone ya mji wa Edinburgh. (Jina hilo sisi wakaao Kariakoo twalisoma kila siku kwenye kibao cha mtaa.) Tangu hapo kimetengenezwa upya mara nyingi, kwa miaka zaidi ya 20 sasa kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Anne Waugh na Allison Grant, na toleo la mwaka 2022 ni la 14.

Mimi si tabibu. Ni mwalimu wa shule, ila nimekijua kitabu hiki kwa sababu binti wa kaka yangu amepanga kwangu, Mtaa wa Sikukuu, ajitayarishe kwa mtihani wake. Wenye maduka wakisha kufunga na vipaza sauti vyao kunyamaza, yeye huanza kusoma kwa sauti, na mimi hushika kitabu nikamsikiliza. Miezi mitatu nimekuwa mwanafunzi pamoja naye.

Wema wake wa kwanza ni kwamba hakimpi msomaji jambo tupu bila sababu yake. Twaa habari ya figo. Kitabu chasema kila figo lina urefu wa sentimita 11 hivi, na uzito wa gramu 150, na kwamba figo la kulia limekaa chini kidogo kuliko la kushoto, kwa kuwa ini limechukua nafasi kubwa upande ule. Basi mtoto aliyekwisha kuijua sababu hiyo hana haja ya kukariri; hata akisahau, atakumbuka ini liko wapi, na figo litajiweka lenyewe mahali pake. Sasa twaa yale makaratasi wayaitayo madesa, yapitayo mkono kwa mkono siku za mitihani. Humo nimeona maneno haya tu: figo la kulia, chini, la kushoto, juu. Ini halikutajwa. Aliyesoma hivyo, akichanganya kulia na kushoto mara moja katika hofu ya mtihani, hana la kumsahihisha. Nasikitika kusema kwamba wengi wasomao madesa hufaulu, maana watahini nao huuliza mara nyingi mambo yale yale. Lakini kufaulu kwao hakunishawishi.

Wema wa pili ni kipimo. Moyo, chasema, ni sawa na ngumi ya mwenyewe, nao ni kama gramu 225 kwa mwanamke na 310 kwa mwanamume. Mtu yeyote aweza kukunja ngumi yake akautazama. Nimefundisha miaka mingi, na ni vitabu vichache nilivyoviona vyenye kumkumbusha msomaji kwamba anacho mkononi mwake mfano wa jambo asomalo.

Walakini kitabu kipya ni ghali mno kwa mtoto wa mkulima, tena ni kizito. Kwa hiyo wengi hukipata kwa fotokopi, sura moja leo na sura nyingine mwezi ujao, katika vibanda vya kando ya njia. Hapo ndipo yatokeapo madhara ambayo watungaji hawakuyakusudia. Kitabuni damu yenye oksijeni nyingi imetiwa rangi nyekundu, na damu iliyopungukiwa nayo imetiwa buluu. Ateri karibu zote ni nyekundu, na vena karibu zote ni buluu; lakini ateri iendayo mapafuni ni buluu, na vena zitokazo mapafuni ni nyekundu. Sababu yake ni kwamba ateri haipewi jina hilo kwa ajili ya namna ya damu iliyomo, bali kwa kuwa yaitoa damu moyoni. Na vena ni ile iirudishayo. Jambo hili lote msomaji hulipata kwa kutupa jicho mara moja. Katika fotokopi vyote viwili ni vyeusi.

Nilimwuliza binti yetu, "Ateri huchukua damu ya namna gani?" Akajibu bila kusita, "Damu safi, Baba mdogo." Nikamwuliza na ile ya mapafu je? Akatazama karatasi yake, akanitazama mimi. Karatasi haikuwa na la kumwambia. Kesho yake nilinunua penseli mbili Mtaa wa Kongo, nyekundu na buluu, naye akaazima kitabu chenye rangi kwa rafiki yake kwa usiku mmoja. Alipaka rangi mshipa kwa mshipa hata saa saba ya usiku.

Nimesema mshipa, na neno hili lanileta kwenye shida kubwa kuliko ya rangi. Kwa Kiswahili cha watu, ateri ni mshipa, vena ni mshipa, neva ni mshipa, na pengine hata kano ni mshipa. Tena mwanamume mwenye ngiri husema ana mshipa. Watoto wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na uuguzi kwa Kiingereza, na mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Lakini mgonjwa hasemi Kiingereza.

Katika nyumba tukaayo yupo bibi mmoja, mzee, mpangaji mwenzetu. Jioni moja alimwita binti yetu akamwambia, "Mjukuu wangu, mshipa umenikaza, watoka huku kiunoni hata kwenye unyayo." Binti akauliza kwa adabu, "Bibi, ni mshipa upi?" Bibi akacheka. "Mshipa ni mshipa. Kumbe huko shuleni hawajawaonyesha?" Mtoto alinyamaza. Usiku ule, tukiwa katika sura ya neva, alifika kwenye picha ya ile neva nene kuliko zote mwilini, itokayo kiunoni ikapita nyuma ya paja na kugawanyika kuelekea mguuni. Alikuwa ameijua kwa moyo wiki mbili, jina lake na njia yake yote. Akafunga kitabu. "Baba mdogo, Bibi alikuwa akinieleza hii." Asubuhi alimsindikiza hospitali ya Mnazi Mmoja akatazamwe.

Je, tuwalaumu watungaji? La. Hawakuandika kwa ajili ya bibi wa Kariakoo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mkono wa TUKI, kilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, nayo ni kazi ya kusifiwa. Ila kazi ya kamusi ni kutoa neno kwa neno, nayo haimfundishi mwuguzi mambo matano ambayo mgonjwa aweza kuyakusudia kwa neno moja. Karibu zaidi na haja hiyo ni kitabu cha David Werner, kilichotungwa kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Mexico, nasi twakipata kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari. Huyu huanza na mgonjwa aliyelala kitandani na maneno yake. Ross na Wilson huanza na seli. Mwuguzi ahitaji vyote viwili, lakini mtihani humwuliza kimoja tu, na ndiyo maana kile cha Werner hukioni katika mkoba wa mwanafunzi.

Zamani nililalamika pia kwamba magonjwa yaliyomo ni ya nchi za baridi, na malaria imepewa nafasi ndogo mno. Lalamiko hilo nimelipunguza. Selimundu imeelezwa vizuri, na mafuta yagandayo ndani ya ateri, presha na kisukari, sasa vyatusumbua mjini na hata mashambani. Lililobaki ni picha: katika matoleo ya zamani miili mingi ni ya watu weupe, na mwanafunzi wetu hana budi kuonyeshwa na mwalimu jinsi umanjano wa ini uonekanavyo katika macho ya mtu mweusi.

Mzazi atakayetaka kumnunulia mtoto, asiogope toleo lililotangulia, lililokwisha kutumika. Mifupa ya mtu mzima ingali 206. Ila ahesabu kurasa kabla ya kutoa fedha, maana nimeonyeshwa kimoja kilichokatwa sura nzima ya uzazi. Tena afungue sura ya moyo, aone kama rangi zimo.