Mizani ya Kakonko

Nyinyi wa pwani huenda wengi wenu hamjafika Kakonko. Ni nchi ya vilima huko Kigoma, watu wake ni Waha, wakulima wa maharage, mahindi na mihogo. Ilikuwa sehemu ya Kibondo mpaka mwaka 2012 ilipofanywa wilaya peke yake. Nilialikwa huko niwe mmoja wa waamuzi wa mashindano ya wanafunzi, ya picha na insha, mada yao "Haki".

Picha zilizopendwa zilikuwa karibu zote moja: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, mkono mmoja mizani, wa pili upanga. Kazi safi, rangi hazikuvuka mstari. Lakini mwanamke huyu si wetu, na hata huko kwao kitambaa kile kilianza kama dhihaka. Katika kitabu cha Sebastian Brant kilichopigwa chapa Basel mwaka 1494, anayemfunga macho ni mpumbavu. Sidhani kuna mwalimu aliyewaambia watoto hayo. Insha nazo zilikwenda njia hiyo hiyo: haki ni nguzo, haki ni msingi, kisha jina la Karama wa Kusadikika, basi. Kwamba Shaaban Robert alimsimamisha Karama kizimbani kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, hakuna aliyeligusa.

Picha moja ilikuwa mbaya kwa mkono. Gunia la maharage limejazwa hata likaota nundu, limezungushiwa kamba. Pembeni mzee ameshika tama. Chini mtoto kaandika: "Hili ni moja."

Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima hutoa gunia na zaidi, akalipwa bei ya gunia. Serikali imeipiga marufuku, na kabla ya serikali yoyote, Sura ya 83 ya Qur'ani Tukufu imeitwa kwa jina la hao wapunjao vipimo, Al-Mutaffifin. Mtoto yule pengine hajafika darasa la tafsiri. Ameyaona uani kwao.

Haikupata kitu. Mwamuzi mwenzangu alisema vidole vya mzee havitimii, na ni kweli havikutimia. Ila madaftari ya zawadi yalitolewa na mnunuzi wa mazao, naye alikaa safu ya mbele, nasi sote tuliolijua hilo tukaviona vidole tu. Mimi pia niliipa alama za chini. Na aya ya 135 ya Suratun-Nisaa, iamrishayo ushahidi wa haki hata juu ya nafsi yako, bila kumwonea haya tajiri, nimeifundisha zaidi ya miaka thelathini!

Wakiniita tena mwakani nitaomba mambo mawili. Zawadi zitoke kwa mtu asiyenunua mazao, na picha ipimwe kwanza kwa inachosema, vidole baadaye.