Sikio la Bibi: Hukumu katika Hadithi ya Masala Kulangwa

Ukimwomba mtu wa Binza, au wa kijiji chochote cha Simiyu kuanzia Maswa hadi Bariadi, akutajie hadithi moja tu ya Kisukuma, usishangae akikutajia ile ya Masala Kulangwa na Shing'weng'we. Imesimuliwa sana, imechapishwa, imehubiriwa makanisani. Ndiyo maana wengi wetu tunadhani tunaijua. Mimi naona hatuijui vizuri, kwa sababu mara nyingi siku hizi inakatishwa kabla haijafika mwisho. Na mwisho wake ndio unaosema jambo zito kuhusu hukumu: nani amekosa, nani wa kumhukumu, na anayehukumiwa anapewa nafasi gani ya kusema.

Kwa ambaye hakuisikia utotoni, hadithi ni hii. Shing'weng'we ni zimwi. Lilimeza watu wote duniani pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Jina hilo lina neno masala, yaani akili, na kulangwa, yaani kufundishwa. Mtoto akakua, akauliza: mama, watu wengine wako wapi? Akaambiwa wamemezwa. Basi akaanza kuwinda. Akaua panzi, akarudi anashangilia kwamba ameliua zimwi. Mama akamwambia, hapana mwanangu, huyo ni panzi tu. Akaua ndege. Hapana mwanangu. Akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, na jibu likawa lile lile, hadi siku alipokutana na Shing'weng'we mwenyewe akamuua. Akalipasua tumbo, wakatoka watu wote, baba yake akiwa miongoni mwao. Lakini kisu kilipokuwa kinapasua, kikamkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa mle ndani. Bibi akakasirika sana.

Hapo wasimulizi wanaachana njia. Kuna wanaosema bibi alimroga kijana. Kuna wanaosema kijana alitafuta dawa akamponya sikio. Kisha watu wanamfanya Masala Kulangwa kuwa mtemi wao, mama yake anapewa heshima ya mama wa mtemi, hadithi inaisha.

Usomaji uliozoeleka zaidi ni wa Kikristo. Umepata nguvu kutoka Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, ambako padre Mkanada David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na kutoka kwa wamisionari waliotumia miaka mingi kukusanya methali, vitendawili na hadithi za Wasukuma. Kitabu cha Joseph Healey na Donald Sybertz cha 1996 kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika kinampa Masala Kulangwa nafasi kubwa kama mfano wa Kristo. Na ukweli ni kwamba mfano unakaa. Mtoto anazaliwa na mama aliyenusurika peke yake, anakabili adui asiyeshindika, anawatoa watu mahali ambapo hakuna aliyetegemea kutoka. Ukikumbuka imani ya Wakristo kwamba Kristo alishukia kuzimu akawafungulia waliokuwamo, tumbo la Shing'weng'we linakuwa kuzimu yenyewe.

Usomaji huo si wa kubeza. Umeifanya hadithi iendelee kuishi wakati hadithi nyingine nyingi zimekufa pamoja na wazee waliozijua. Tatizo langu nao ni dogo lakini lina uzito: ukishamfanya Masala Kulangwa kuwa mwokozi asiye na doa, sikio la bibi linakuwa usumbufu. Ndiyo maana mahubiri mengi niliyoyasikia yanaishia pale watu wanapotoka tumboni, shangwe, nyimbo, amina. Bibi hatajwi.

Hebu turudi kwenye lile tumbo. Ni nani waliomezwa? Wote. Mwizi wa ng'ombe na mwenye ng'ombe, mchoyo na mkarimu. Hakuna aliyeulizwa alifanya nini. Wakitoka, wanatoka wote vile vile, hakuna anayebakizwa ndani kwa sababu ya makosa yake. Hilo linaendana na neno lenyewe. Kuzimu ni mahali pa wazimu, pa wahenga, na kila mtu anakwenda huko. Maneno yanayotenganisha wema na wabaya baada ya kifo, kama jehanamu, kiyama, ahera, tuliyapata kupitia Kiarabu, na baadaye wahubiri wa Kikristo wakayatumia walipofika bara. Kwa hiyo anayesoma tumbo la Shing'weng'we kama jehanamu anaingiza humo moto ambao msimulizi wa kwanza hakuuwasha.

Je, ina maana Wasukuma wa zamani hawakuwa na hukumu? La hasha. Walikuwa nayo, ila ilikaa upande huu wa kaburi. Mungu, Liwelelo, yuko mbali na hashughuliki na kila ugomvi wa mipaka ya shamba. Wanaoshughulika ni masamva, yaani wahenga wa ukoo. Ukiwasahau, au ukivunja miiko, utaona dalili: mtoto anaugua, ng'ombe wanakufa, mwanamke hashiki mimba. Hapo unakwenda kwa mganga, nfumu, naye anachinja kuku, anasoma matumbo yake, anakwambia ni nani aliyekasirika na unatakiwa kufanya nini. Adhabu inakukuta ungali hai, nyumbani kwako.

Na watu nao wana yao. Sungusungu, walioibuka Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, walikuwa na faini na viboko, lakini adhabu iliyoogopwa zaidi ilikuwa kutengwa. Hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukupa moto, hakuna wa kuja kukuzikia. Kwa jamii ambayo mtu anaendelea kuishi kwa kukumbukwa na wajukuu wanaopewa jina lake, kufa bila watu ni adhabu inayokwenda mbali sana. Kama mnatafuta jehanamu ya Kisukuma, nadhani iko karibu na hapo.

Sasa, hukumu ya namna hii ina uzuri wake. Haimwambii mjane aliyeporwa shamba asubiri kiyama. Lakini ina hatari moja ambayo watu wa Simiyu, Shinyanga na Mwanza wanaijua vizuri kuliko wahakiki wa fasihi. Kama kila msiba una mkosaji, na mkosaji yuko hai hapa kijijini, basi lazima atafutwe. Na aliyetafutwa mara nyingi amekuwa bibi kizee. Macho yake mekundu, wanasema, ndiyo ushahidi. Hawasemi kwamba kuni zimekwisha, kwamba bibi amepika miaka hamsini kwa samadi ya ng'ombe iliyokaushwa, na kwamba moshi wa samadi utamwekundisha macho hata malaika. Ripoti za haki za binadamu nchini zilihesabu mamia ya watu waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa mwaka katika miaka ya mwanzo ya 2010. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, wakati wa Mwingereza, lakini panga halisubiri mahakama.

Ndiyo maana nang'ang'ania sikio. Tazama hadithi inavyotuonyesha: mtu wa kwanza kudai haki yake katika dunia iliyokombolewa ni bibi kizee. Amekatwa. Aliyemkata ni shujaa wa watu wote, hakukusudia, na ana sababu nzuri kuliko zote. Hata hivyo damu inatoka. Bibi analalamika. Na masimulizi mengine yanamjibu vipi? Yanamwita mchawi. Malalamiko yake yanageuka kuwa urogi, hasira yake inakuwa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwenye jeraha ndiye anayeshtakiwa. Masimulizi mengine yanafanya kinyume kabisa: shujaa anainama, anatafuta dawa, anatibu. Hadithi ni moja, bibi ni yule yule, lakini msimulizi anapochagua mwisho anachagua pia aina ya kijiji anachotaka kuishi. Kwangu mimi hii ndiyo kesi halisi ya hadithi. Shing'weng'we hakuhukumiwa, aliuawa tu. Aliyesimama mbele ya hukumu ni Masala Kulangwa.

Ng'ambo ya maji kidogo, Ukerewe, kuna mwandishi aliyekabili swali hili hili kutoka upande wa pili. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo mwaka 1944, akapita seminari, akachapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya ilizua kelele, ikapigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikarudi. Wengi wanaikumbuka kwa ujasiri wake wa kuzungumzia mwili wa msichana. Wachache wanazungumzia inavyomalizika. Rosa amejiua. Kwa mafundisho aliyokulia mwandishi, hiyo ni kesi iliyokwisha, hakuna cha kujadili. Lakini Kezilahabi anaifungua upya. Anamsimamisha Rosa mbele ya Mungu pamoja na baba yake Zakaria, yule mlevi na mkali aliyemlea binti kwa fimbo, na wanashtakiana. Binti anasema. Baba anasema. Na msomaji anaachwa bila kuambiwa nani kashinda.

Kuna wahakiki wanaoliona tukio hilo kama kiraka, eti riwaya ya uhalisia imerukia mbinguni kwa kukosa pa kwenda. Nakubaliana nao nusu. Ni kweli mkondo unabadilika ghafla, na ni kweli pia kwamba kizimba hakina watu wa kutosha: wanaume waliomtumia Rosa, na jamii iliyomcheka, wako wapi? Kumwachia Zakaria mzigo wote ni kuwapunguzia wengine. Ila naona sababu ya Kezilahabi kupanda huko juu. Hapa duniani, kwenye kurasa zote zilizotangulia, Rosa hajapata mahali pa kumjibu baba yake. Alipigwa, akasemwa, akahukumiwa na kila mtu kijijini. Mwandishi alihitaji baraza ambalo msichana angesikilizwa, na hakulipata Namagondo. Akalitafuta ahera.

Kwa hiyo tuna masimulizi mawili kutoka Kanda ya Ziwa. La Simiyu linahukumu hapa hapa na mara nyingine linamnyima mzee wa kike nafasi ya kujitetea. La Ukerewe linaahirisha hukumu hadi baada ya kifo ili msichana apate hatimaye kujitetea. La kwanza lina haraka, la pili limechelewa. Yote mawili yanaumia mahali pamoja.

Msomaji wa pwani ataniuliza, na Al-Inkishafi je? Mashairi ya Kiswahili yalizungumza habari za moto zamani kabla ya Kezilahabi. Ni kweli. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, akiomboleza Pate iliyokuwa magofu, alimaliza utenzi wake kwa kuzitaja jehanamu kwa majina yake. Lakini angalia anazungumza na nani. Anazungumza na moyo wake mwenyewe. Mshtakiwa na mshtaki wamo katika kifua kimoja. Hamtishii jirani, hamtafuti mwenye macho mekundu. Moto ukiwekwa hivyo unamfanya mtu ajichunguze, na nadhani ndiyo njia pekee ambayo picha ya jehanamu haimdhuru mtu mwingine. Shida inaanza pale tunapouchukua moto ule tukaenda nao kwa jirani.

Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwingine, alipoandika Janga Sugu la Wazawa alikuwa anagusa donda hilo la imani za uchawi na gharama yake. Ni riwaya inayostahili kusomwa sana huku kwetu, na ningependa walimu wa sekondari wa Simiyu waifundishe bega kwa bega na Masala Kulangwa. Mwanafunzi wa Binza ambaye bibi yake anaishi peke yake na macho mekundu hahitaji kuelezwa umuhimu wa mada hii. Anahitaji kuonyeshwa kwamba hadithi ya kwao tayari inaijua.

Kwa wasimulizi, mapadre, walimu na wazazi, ombi langu ni moja. Msikate sikio mara ya pili kwa kuliacha nje ya hadithi. Simulieni mpaka pale bibi anapotoka tumboni akishika upande wa kichwa, damu inamtiririka, watu wengine wote wakicheza. Kisha simameni kidogo, muwaulize watoto: bibi anataka kusema nini, na Masala Kulangwa amjibu vipi? Waacheni wajibu wenyewe. Mtoto atakayesema "ni mchawi" msimpige, muulizeni amejuaje. Huyo ndiye mwenye mengi ya kutufundisha kuhusu kijiji anachotoka.