"Kabisa" Haitoshi: Alama ya Kichina 彻 na Kiswahili cha Butembo na Beni

Wafanyabiashara wa Butembo, magharibi mwa milima ya Ruwenzori, wamezoea kwa miaka mingi kuagiza bidhaa kutoka Guangzhou. Pamoja na shehena huja maandishi ya Kichina, na pamoja na maandishi huja suala la tafsiri. Alama 彻 (che) ni mfano mmojawapo. Tafsiri ya mkato huipa kisawe kimoja tu, yaani "kabisa". Kisawe hicho kina kasoro.

Maana ya msingi ya che ni kupenya, kupita ndani ya kitu hadi upande wa pili; sehemu yake ya kushoto ni ile ihusuyo mwendo. Ikiungana na di, "upande wa chini", hupatikana chedi: kufika hadi chini bila kubakiza kitu. Ikiungana na ye, "usiku", hupatikana cheye: usiku mzima. Hivyo basi, che hutaja njia na kikomo chake, ilhali "kabisa" hutaja kiwango tu. Aidha, huko Beni na Butembo, kama kwingineko, "kabisa" ni kiitikio cha kukubali, jambo linalozidi kulipunguzia neno hilo uzito.

Hata hivyo, Kiswahili hakikosi zana. "Usiku kucha" ni cheye halisi, kwani kitenzi -cha huufuata usiku hadi mapambazuko. Vivyo hivyo "mchana kutwa" huufuata mchana hadi machweo. "Kwa kina" huteremka kama chedi, na "kinaganaga" hupitia jambo kipengele kwa kipengele.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 mashariki mwa Kongo, Beni na Butembo zikiwa miongoni mwa vitovu vyake. Mtu anayeambiwa "nawa mikono kabisa" hajaambiwa aishie wapi. Anayeambiwa anawe viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na chini ya kucha, ameonyeshwa njia na kikomo.

Ni dhahiri, basi, kwamba mfasiri wa che hana budi kuuliza kwanza tendo linakomea wapi, ndipo achague neno. Asipouliza, "kabisa" itamwitikia, wala haitamfikisha.