Fundi, Krenki Imekufa

Mteja anafika kijiweni kwa fundi baiskeli, anaiegesha baiskeli yake ya Phoenix na kutangaza kwamba krenki imekufa. Fundi haulizi ipi. Anashika mkono wa pedeli wa kushoto, anauvuta na kuusukuma, kisha anahamia upande wa cheni. Mikono yote miwili ikicheza pamoja, ugonjwa uko ndani, kwenye gololi na vikombe vyake. Ukicheza mmoja peke yake, kotapini, yaani pini inayobana mkono kwenye mhimili, imelegea. Na kama mikono imetulia ila mguu unayumba, basi ni pedeli. Magonjwa matatu, na mteja ameyapa yote jina moja.

Mteja asilaumiwe. Hata wenye viwanda wamevuruga majina haya. Kwa Kiingereza, crank huweza kuwa mkono mmoja wa chuma, au mikono yote miwili pamoja na sproketi. Seti hiyo Mwingereza huiita chainset, Mmarekani crankset. Halafu kuna bottom bracket: wengine wakisema hivyo wanamaanisha bomba la fremu, wengine mhimili na gololi zilizomo ndani ya bomba hilo. Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008, aliandika faharasa ndefu ya maneno ya baiskeli, na mafundi wa nchi nyingi wanaitumia hadi leo. Upana kati ya krenki ya kushoto na ya kulia nao huitwa Q. Herufi hiyo aliitia Grant Petersen, enzi zake katika kampuni ya Bridgestone huko Marekani, akikusudia mlio wa bata kwa Kiingereza, quack, kwa kuwa bata hutembea ametanua miguu. Mzaha huo sasa umo kwenye karatasi za vipimo vya viwandani!

Ukifika kwenye baiskeli ya gurudumu moja, ile ya wanasarakasi, mambo yanazidi kupindana. Ile ya kawaida haina cheni wala friwili. Krenki hukaa moja kwa moja kwenye ekseli ya gurudumu, kwa hiyo ekseli hiyohiyo ndiyo mhimili wa krenki. Anayeomba ekseli dukani na anayeomba mhimili wanataka chuma kilekile. Tundu la krenki nalo lina namna zake. Kuna la mraba, na kuna la kiwango cha ISIS, lenye meno 10, ambalo kwenye baiskeli za kawaida limepungua sana lakini kwa watu wa gurudumu moja bado lina soko. Hata mraba haufanani: wa kiwango cha Kijapani na wa kiwango cha ISO huonekana mapacha, ila mhimili wa mmoja ni mwembamba zaidi kwenye ncha, na ukivichanganya krenki huweza kuzama kuliko inavyotakiwa.

Kosa linalouma zaidi ni la kushoto na kulia. Gurudumu la namna hii halina mbele wala nyuma ya kuonekana kwa macho, hivyo ni rahisi kulifunga kinyume, krenki yenye alama ya L, yaani ya kushoto, ikaenda kulia. Pedeli ya kushoto ina tredi ya kinyume, na kwa sababu nzuri. Uzito wa mguu huzunguka ndani ya tundu na kuusogeza msumari wa pedeli kidogo kidogo upande wa pili. Tredi ikiwa sahihi, kusogea huko hukaza badala ya kulegeza. Ndugu Wright wa Dayton, mafundi baiskeli kabla ya kurusha ndege mwaka 1903, walitangaza mwaka 1900 pedeli zisizojifungua, kwa kutumia tredi ya kawaida kulia na ya kinyume kushoto. Ukigeuza gurudumu, unageuza kanuni yote: pedeli inajifungua barabarani, na msumari wa chuma unakula tredi za krenki ya alumini.

Lakini tukirudi kwenye baiskeli kama ile Phoenix, kazi ya kutazama kwa muda mrefu ni kotapini. Pini hii ya mviringo imechongwa bapa upande mmoja ili ibane mhimili. Fundi asiyejua hupiga nyundo mara ishirini na kuacha ncha imevimba kama uyoga. Anayejua hulegeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, ili tredi isivunjike, huweka kipande cha bomba chini ya krenki kubeba pigo, kisha hupiga mara moja kwa nguvu. Pini mpya huipitishia tupa kwenye ubapa wake, huijaribu, huichomoa, huipiga tupa tena. Pini ya kushoto na ya kulia lazima zielekee pande tofauti, la sivyo mikono ya pedeli haitanyooka kwenye mstari mmoja na mwendeshaji atahisi anachechemea. Zipo za milimita 9.5 na za milimita 9. Nusu milimita hiyo vidole vya fundi huipata kabla hajachukua kipimo.

Maarifa haya hayalipwi vya kutosha, na maduka ya vipuri yanayoandika "krenki ya kawaida" kwenye boksi hayamsaidii mtu. Ukienda kununua krenki, beba ile ya zamani. Pima kutoka katikati ya tundu la mhimili hadi katikati ya tundu la pedeli, angalia L na R, na umwonyeshe muuzaji umbo la tundu kabla hujatoa pesa.